Maneno Madogo Yageuzayo Maana

Katika kijiji kimoja cha Mbaga, katika milima ya Upare ya kusini, alikaa bibi mmoja mzee ambaye macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Mtoto wa jicho alikuwa ameliziba kabisa jicho lake la kulia, na la kushoto lilibaki kuona nuru tu, kama mtu atazamaye jua kwa nyuma ya pazia. Migomba yake aliijua kwa kuipapasa, na wajukuu wake aliwajua kwa sauti zao. Habari ilipofika mlimani ya kuwa waganga wa macho kutoka ng'ambo watakuja Same kwa majuma machache, jina lake liliandikwa, naye akaambiwa angojee barua.

Barua ikaja, nayo ilikuwa ya Kiingereza. Mjukuu wake alikuwa mwanafunzi wa darasa la sita, na shuleni alisifiwa kwa kuwa alijua kwa moyo orodha ndefu za maneno. Bibi akamwita, akamwambia, "Mjukuu wangu, nisomee." Barua ilisema hivi:

"Your operation on Tuesday has been put off. Please look out for another letter."

Kijana akafikiri. Neno "put" alilijua, maana yake ni kuweka. "Look" ni kutazama, na "out" ni nje. Neno "off" hakulijali, kwa kuwa lilikuwa neno dogo la herufi tatu tu. Akasema, "Bibi, wanasema matibabu yako yamewekwa siku ya Jumanne. Tena wanasema utazame nje, kuna barua nyingine." Wakatazama nje, wasione barua. Wakadhani mchukuzi ameisahau njiani.

Siku ya Jumanne alfajiri bibi akaongozwa na binti yake mpaka barabarani, wakapanda gari la abiria literemkalo kwa njia ya Mwembe mpaka Same. Nauli ilikuwa imepatikana kwa kuuza mikungu miwili ya ndizi. Walipofika walikuta mlango umefungwa. Mlinzi akawaambia ya kuwa waganga wamekawia njiani pamoja na vyombo vyao, nao hawatafika juma lile, na kila mgonjwa alikwisha kuandikiwa barua ya kumzuia asije. Bibi akalala kwa jamaa yake, na kesho yake akaupanda mlima tena, macho yake yakiwa vile vile.

Hakumgombeza mjukuu wake. Aliuliza neno moja tu: "Barua ilisema nini hasa?" Na swali hilo lilimwuma kijana kuliko fimbo.

Tendo na mwenzi wake

Barua ilisema ya kuwa matibabu yameahirishwa. Ni kweli "to put" ni kuweka, lakini "to put off" ni kuahirisha. Tena "to look out for" si kutazama nje, bali ni kukaa macho ukitazamia kitu kifike. Kijana alijua maneno yote ya barua ile, moja moja, lakini hakuijua barua.

Hii ndiyo taabu kubwa ya Kiingereza cha kila siku. Waingereza hulichukua tendo moja fupi, kama "put", "look", "get", "take" au "run", wakalipa mwenzi wake, yaani neno dogo lifuatalo nyuma, kama "at", "for", "after", "up", "off" au "out". Wawili hao wakikaa pamoja huwa neno moja, nalo mara nyingi lina maana mpya. Tazama mfano wa mchungaji na mbuzi zake:

"He looks at the goats." Anawatazama mbuzi.

"He looks for the goats." Anawatafuta mbuzi, wamepotea.

"He looks after the goats." Anawatunza mbuzi.

Tendo ni lile lile katika sentensi zote tatu, na mbuzi ni wale wale. Lakini mtu aambiwaye awatunze mbuzi, naye akakaa juu ya jiwe akiwatazama tu, jioni atarudi nyumbani bila mbuzi. Kadhalika, "to look into a matter" ni kulichunguza jambo. "To look up a word" ni kulitafuta neno katika kamusi. Na "to look down on a man" ni kumdharau mtu, hata ikiwa amesimama juu ya kilima nawe u bondeni.

Lugha zetu nazo zina mafumbo yake

Mwanafunzi asidhani ya kuwa Kiingereza peke yake ndicho chenye hila. Mwingereza ajifunzaye Kiswahili hupata taabu kama hiyo hiyo. Hujifunza kwanza ya kuwa kupiga ni kumpiga mbwa kwa fimbo. Kisha husikia ya kuwa fulani amepiga magoti, mwenziwe amepiga hodi, na dada yake amepiga pasi nguo zote. Hushangaa, akauliza kwa nini watu hawa wanapiga kila kitu, hata magoti yao wenyewe.

Tena Kiswahili hukitia mkia kitendo mwishoni, na mkia huo hugeuza maana kama lile neno dogo la Kiingereza. Mbuzi akimkimbia mchungaji, anakwenda mbali naye. Akimkimbilia, anakuja kwake. Mtu ahamaye Same anaondoka Same, na mtu ahamiaye Same anakwenda kukaa huko. Mgeni asiyeusikia mkia huo atamtafuta mtu mahali asipo.

Chasu, lugha ya Wapare, nayo ni ya jamaa moja na Kiswahili, na ina desturi hiyo hiyo ya kukitia kitendo mkia. Sarufi yake iliandikwa na mmisionari Mjerumani, Ernst Kotz, ikachapishwa Berlin mwaka 1909. Kotz mwenyewe alitoka katika lugha iliyo ndugu ya Kiingereza, na katika Kijerumani maneno madogo yana mwendo wa ajabu zaidi. Kuamka ni "aufstehen", neno moja. Lakini mtu akisema "Mimi ninaamka", husema "Ich stehe auf", na lile neno dogo "auf" hukatwa kichwani na kupelekwa mwisho. Basi kila lugha ina mahali pake pa kufichia maana. Kiswahili na Chasu huificha katika mkia wa tendo, na Kiingereza huificha katika neno dogo lifuatalo.

Juu ambayo si juu

Mkazi wa Upare anajua vema maana ya "up" na "down". Akitoka Same kwenda Mbaga, "he goes up", anapanda. Akirudi uwandani, "he comes down", anashuka. Hapo hapana fumbo, kwa kuwa mlima ni mlima.

Lakini mara nyingi neno "up" halisemi habari za juu hata kidogo. Husema ya kuwa jambo limetimia, halikubaki kitu. "To eat" ni kula, bali "to eat up" ni kula chote. "To dry" ni kukauka, na "to dry up" ni kukauka kabisa.

Fikiri habari za ndiva, yaani bwawa ambalo Wapare hulijenga mlimani ili kukusanya maji ya kijito, kisha kuyafungulia yashuke kwa mifereji mpaka mashambani, kila mtu kwa zamu yake. Mtu aweza kusema: "The ndiva filled up in the night, but by noon the water was used up." Maana yake: Ndiva ilijaa kabisa usiku, lakini kufika adhuhuri maji yalikuwa yametumika yote. Katika sentensi hiyo hapana kitu kilichopanda juu. Maji yalishuka tu, kama ilivyo desturi ya maji.

Neno "out" nalo mara nyingine huwa na maana ya kwisha. "The water ran out" si kwamba maji yalikimbia nje, bali yalikwisha. "To put out a fire" si kuutoa moto nje ya nyumba, bali ni kuuzima. Mtu akisikia kelele ya "Put out the fire!" naye akaanza kuvichukua vijinga vya moto na kuvipeleka uani penye nyasi kavu, ataiunguza na nyumba ya jirani.

Mahali pa kuliweka jina

Jambo la pili ni mpango wa maneno. Katika jozi nyingine, neno dogo laweza kutengana na tendo lake. Waweza kusema "He put off the journey", na waweza kusema "He put the journey off"; zote mbili ni sawa, maana yake aliahirisha safari. Lakini ukitumia kijina kama "it", "him" au "them", hapana budi kiingie katikati: "He put it off." Mwingereza hasemi kamwe "He put off it." Kadhalika husema "Take off your shoes" au "Take your shoes off", vua viatu vyako; bali husema "Take them off" tu.

Katika jozi nyingine, neno dogo halitaki kutengana na tendo. Ni "She looks after the child" na "She looks after him". Mtu akisema "She looks him after", Mwingereza hataelewa.

Maneno "away", "back", "up" na "out" mara nyingi hukubali kutengwa. Na maneno "after", "for", "at" na "into" hayakubali. Lakini hii ni ishara tu, si sheria isiyovunjika. Neno "off" hutengana katika "put it off", bali abiria ashukaye garini husema "get off the bus", na akitumia kijina husema "get off it". Kwa sababu hapo "off" limefungamana na gari lenyewe, yaani mahali anaposhuka.

Na kwa kuwa gari limetajwa, shika neno hili pia. Gari kubwa, kama basi au gari moshi, Mwingereza husema "get on" na "get off". Gari dogo, ambalo mtu huingia akiinama na kuketi, husema "get into" na "get out of". Kwa hiyo msafiri "gets on the bus at Mwembe and gets off at Same"; lakini mgonjwa achukuliwaye kwa gari dogo "gets into the car".

Maneno matatu pamoja

Mara nyingine tendo moja hufuatwa na maneno madogo mawili, na yote matatu huwa neno moja. Haya matano hutumika kila siku:

"To run out of" ni kuishiwa. "We have run out of salt": tumeishiwa chumvi. Angalia: chumvi "runs out", bali watu "run out of" chumvi.

"To put up with" ni kuvumilia. "She put up with the pain": alivumilia maumivu.

"To catch up with" ni kumfikia aliyetangulia. "Walk on, I shall catch up with you": tangulieni, nitawafikia.

"To get on with" ni kupatana na mtu, au kuendelea na kazi.

"To look forward to" ni kungojea kwa furaha. Hapa wanafunzi wengi hukosea. Husema "I look forward to see you", lakini ipasavyo ni "I look forward to seeing you".

Neno la kitabu na neno la kinywa

Labda mwanafunzi atauliza: Kijana yule alisifiwa kwa kujua maneno mengi, yalimsaidia nini? Ukweli ni kwamba kuahirisha alikujua kwa Kiingereza. Katika orodha yake limo neno "postpone", na lau barua ingalisema "postponed", asingalikosea. Lakini aliyeandika barua aliandika kama watu wasemavyo.

Jambo hili lina asili yake. Mwaka 1066 watu wa Normandy, katika nchi ambayo leo ni Ufaransa, waliishinda Uingereza kwa vita, na kwa muda mrefu wakubwa wa nchi walisema Kifaransa. Tena wataalamu waliandika Kilatini. Kwa hiyo maneno mengi ya Kifaransa na ya Kilatini yaliingia katika Kiingereza, nayo hata leo hukaa zaidi vitabuni na katika barua za serikali. Lakini jikoni, njiani na shambani watu waliendelea na maneno yao mafupi ya zamani. Ndiyo sababu Kiingereza mara nyingi kina maneno mawili kwa jambo moja: "extinguish" na "put out", kuzima, "tolerate" na "put up with", kuvumilia, "postpone" na "put off", kuahirisha.

Nasi twajua habari kama hizi. Neno "ahirisha" lilitoka katika Kiarabu, na mtu wa shambani aweza kusema "kusogeza siku mbele" akaeleweka vema. Mwenye kujua neno moja tu kati ya hayo mawili amejifunza nusu ya lugha. Na mwanafunzi wa shule mara nyingi hujua ile nusu ya kitabu, kisha huja kukutana na ile nusu ya kinywa siku ambayo jambo kubwa limeshikamana nayo.

Basi afanyeje? Asiandike katika daftari lake "put: kuweka" kisha akaridhika. Aliandike tendo pamoja na mwenzi wake, ndani ya sentensi nzima, kama vile mtu amjuavyo jirani yake pamoja na nyumba yake. Na aonapo sentensi ambayo maneno yake yote anayajua, lakini maana yake haikai sawa, atambue ya kuwa hapo pana jozi asiyoijua. "Utazame nje, kuna barua nyingine" ni maneno yasiyokaa sawa. Hapo ndipo kijana alipopaswa kusimama na kuuliza.

Barua ya pili

Baada ya majuma mawili barua nyingine ikafika:

"Please turn up at eight on Friday. We shall put you up for two nights. Bring someone to look after you."

Safari hii kijana hakumsomea bibi yake. Aliikunja barua, akaenda nayo nyumbani kwa mwalimu wake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Una nini mkononi?"

"Barua ya bibi. Maneno yake yote nayajua, lakini sijui isemalo."

Mwalimu akacheka, akasema, "Basi leo ndipo umeanza kujifunza Kiingereza. Keti."

Wakaisoma pamoja. "To turn" ni kugeuka, lakini "to turn up" ni kufika mahali. "To put up" kuna maana ya kuinua, bali "to put a person up" ni kumpa mtu mahali pa kulala. Na "to look after" kijana aliijua tayari kwa mfano wa mbuzi. Kwa hiyo barua ilisema: Tafadhali fika saa mbili asubuhi siku ya Ijumaa, tutakupa mahali pa kulala usiku wa siku mbili, njoo na mtu wa kukutunza. Kijana akaenda akawaeleza bibi na mama yake, nao wakatengeneza nguo na chakula cha siku tatu, wakateremka Same siku ya Alhamisi ili wasichelewe.

Siku ya Jumapili jioni gari lilisimama barabarani. Bibi alishuka mwenyewe, jicho lake la kulia limefunguliwa, akasimama akimtazama mjukuu wake kwa muda mrefu.

"Kumbe umekuwa mrefu hivi," akasema.

Kisha akatoa mfukoni chupa ndogo ya dawa, na karatasi iliyofungwa kwayo, akampa. Ilikuwa imeandikwa: "Put in one drop every morning. Do not leave off until the drops run out."

"Nisomee," akasema bibi, "usome polepole. Na yale maneno madogo pia."

Kijana akasoma yote mpaka mwisho, kisha akasema, "Tia tone moja kila siku asubuhi, bibi. Wala usiache mpaka dawa iishe."

Maswali

1. Kijana alilisahau neno gani katika barua ya kwanza, nalo liligeuzaje maana?

2. Eleza tofauti ya "look at", "look for" na "look after". Tunga sentensi moja kwa kila jozi, juu ya kazi za nyumbani kwenu.

3. Sahihisha sentensi hizi: "The meeting is on Monday, do not put off it." "My sister looks them after." "I look forward to hear from you."

4. Maji ya mfereji yamekwisha. Sema jambo hili kwa Kiingereza kwa njia mbili, moja ikianza kwa "The water", na nyingine ikianza kwa "We".

5. Taja matendo matano ya Kiswahili yaanzayo kwa neno "piga", ambayo hayana habari ya kupigana. Ungemwelezaje mgeni maana zake?

6. Kuna tofauti gani kati ya kumkimbia mtu na kumkimbilia mtu? Tafuta matendo mengine mawili ya Kiswahili, au ya lugha ya nyumbani kwenu, yageuzwayo maana na mkia kama hayo.